Kununua bastola ya 1911 kwa mchezo wa shabaha: mwongozo wa anayeanza, kutoka Tanga

Kila Jumamosi tukitoka uwanja wa shabaha, lazima nipigiwe simu na mtu anayeuliza lile lile. "Kaka, ile bastola yako ya kizamani yenye nyundo nyuma, mtu anaipataje? Nikienda Dar naweza kurudi nayo siku hiyo hiyo?" Wiki iliyopita wameniuliza watatu, mmoja wa Raskazone na wawili wa Ngamiani. Nimeona niandike yote mahali pamoja, kila anayeuliza nimpe asome kwanza halafu ndiyo tukae tuzungumze.

Kurudi nayo siku hiyo hiyo haiwezekani. Atakayekwambia inawezekana anakuuzia kesi, kaa naye mbali.

Bastola ninayoizungumzia ni nusu-otomatiki ya muundo wa 1911. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, kisha bastola yenyewe inatupa ganda, inapakia nyingine na kukusubiri uvute tena. Aliyeibuni ni Mmarekani John Browning, na jeshi la Marekani liliipokea rasmi tarehe 29 Machi 1911, likaitumia kama bastola yake rasmi hadi 1985. Hataza za Browning, yaani haki za ubunifu wake, zimekwisha zamani, kwa hiyo leo kiwanda chochote chenye ujuzi kinaweza kuitengeneza. Ndiyo maana mtu wa kipato cha kawaida anaweza kupata bastola ya sura ile ile ya zamani bila kulipa bei ya jina kubwa.

Sisi wa shabaha tunaipenda kwa kifyatulio chake. Hakizunguki kwenye ekseli kama vya bastola nyingine. Kinateleza moja kwa moja kurudi nyuma, safari yake ni fupi, na kinaachia papo hapo kama njiti kavu inayovunjika. Halafu ni chuma kitupu, karibu kilo 1.1 bila risasi, na uzito huo unameza teke, yaani msukumo unaorudi mkononi unapofyatua.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

Kitambulisho cha Taifa, na makazi yanayojulikana kwa mwenyekiti wa mtaa wako.

Sababu ya kweli ya kutaka silaha. Kama ni mchezo, uwe tayari umejiunga na klabu ya shabaha na jina lako liko kwenye daftari lao.

Sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti. Sanduku la bati lenye kufuli ya dukani halitoshi, na kabati la nguo ndiyo kabisa. Kama nyumbani kuna watoto, hata wa jirani wanaopita tu, sefu hii inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kinga ya masikio na miwani ya kinga. Mlio wa bastola unapita desibeli 140. Sikio halihitaji kuzoea kelele hiyo ndipo liharibike, mlio mmoja unatosha. Nimekaa na wazee wa uwanjani ambao hadi leo lazima uwasemeshe kwa upande wa kushoto.

Fedha, na uzigawe mapema. Ushauri wangu ni kwamba bei ya bastola isizidi nusu ya fungu lako. Nusu iliyobaki ni ya leseni, sefu, magazini (visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) za ziada, vifaa vya kusafishia, na juu ya yote risasi. Bastola inanunuliwa mara moja, risasi utanunua kila mwezi.

HATUA

1. Jifunze kwanza. Miezi miwili au mitatu, chini ya mkufunzi wa klabu, kabla hujaulizia bei ya kitu chochote. Mambo manne yakuingie mwilini hadi uyafanye bila kufikiri: kila silaha ichukulie ina risasi hata kama umeikagua sasa hivi, usiielekeze kwenye kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka vilengeo viko kwenye shabaha, na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Kuna watu waliojifunza miezi miwili wakagundua kuwa mchezo wenyewe hawaupendi. Hao wamejiokolea fedha nyingi.

2. Anza safari ya kibali. Silaha nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini, serikali ya mtaa au kijiji, yanapita kata, yanafika polisi wilaya, yanajadiliwa na kamati za ulinzi na usalama, na mwisho yanakwenda kwa Msajili wa silaha. Utaulizwa tabia yako, kazi yako, kwa nini unataka silaha na utaihifadhi wapi. Utachukuliwa alama za vidole. Nenda kituoni mwenyewe, vaa vizuri, salimia watu kwa heshima, na uulize orodha ya nyaraka na ada inayotumika wakati huo. Usichukue orodha kwa rafiki aliyeomba miaka mitano iliyopita.

Hapa subira inahitajika. Wengine wetu tulisubiri miezi mingi. Katika kusubiri huko utakutana na mtu wa "nipe kidogo nikuharakishie". Usimpe. Malipo halali yanapita kwa namba ya malipo ya serikali na unapata stakabadhi. Na usiweke bastola oda wala kulipa kianzio kabla kibali hakijatoka, kwa sababu ukikataliwa, kumfanya muuzaji akurudishie fedha zako kutakuwa kazi nyingine.

3. Amua risasi kabla ya bastola. Hapa ndipo wengi wanakosea. Mtu anaona picha, anapenda, ananunua, halafu anagundua kuwa kila akienda uwanjani anafyatua chakula cha nyumbani cha wiki nzima.

Bastola ya 1911 ya asili inatumia risasi ya .45 ACP, nene, nzito, na teke lake ni la kusukuma taratibu. Siku hizi viwanda vinatengeneza bastola hiyo hiyo kwa risasi ya milimita 9, ile ya 9x19 inayotumika karibu dunia nzima. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni milimita 9. Risasi zake ni nafuu kuliko .45, zinapatikana kirahisi zaidi, teke ni dogo, na ndani ya chuma kizito kama kile unaweza kufyatua asubuhi nzima bila mkono kutetemeka. Kabla ya kuamua, ulizia dukani: risasi hizi mnazo sasa? Huwa zinakwisha? Kwa leseni yangu naruhusiwa kununua ngapi?

Wanaotaka mashindano wajue hili. IPSC, shirikisho la kimataifa la shabaha za vitendo lililoanzishwa mwaka 1976, lina daraja linaloitwa Classic kwa ajili ya bastola za sura ya 1911. Bastola pamoja na magazini yake lazima iingie kwenye kisanduku cha milimita 225 kwa 150 kwa 45. Nguvu ya risasi inapimwa kwa hesabu rahisi: uzito wa kichwa cha risasi, kile kinachoruka, kwa greni, mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Kiwango kidogo kinaanzia 125 na kikubwa 170. Risasi ya milimita 9 yenye greni 124 ikienda futi 1,100 inakupa 136, umeingia kiwango kidogo. Ya .45 yenye greni 230 ikienda futi 830 inakupa 190, hiyo ni kiwango kikubwa. Faida ya kikubwa ni alama: ukipiga katikati wote mnapata 5, lakini ukitoka kidogo wa kiwango kikubwa anapata 4 na wa kidogo anapata 3. Wa kidogo naye anafidiwa kwa magazini, maana anaruhusiwa risasi 10 na mwenzake 8. Kwa miaka yako ya mwanzo tofauti hiyo haitakuumiza. Kitakachokuumiza ni kukosa risasi za mazoezi.

4. Chagua mtutu mrefu. Zipo za inchi 5, ndiyo milimita 127, ukubwa wa asili. Zipo za inchi 4.25, na zipo fupi za inchi 3.5. Chukua ya inchi 5. Fupi zinavutia mkononi, lakini slaidi yake, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua, inasafiri masafa mafupi na kwa kasi, springi zinabanwa sana, na zinachagua risasi kama mgonjwa anavyochagua chakula. Kwa shabaha, mtutu mrefu pia unaacha nafasi kubwa kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, na macho yanafanya kazi kwa urahisi.

5. Chagua kiwanda. Kwa bei ya chini, majina utakayokutana nayo zaidi ni Rock Island Armory ya kampuni ya Armscor ya Ufilipino, na Tisaş na Girsan za Uturuki. Norinco ya Uchina nayo imetengeneza nyingi. Zote ni bastola za kazi. Usitarajie zing'ae kama za bei kubwa. Vifyatulio vyake ni vizito kidogo vikiwa vipya, na kingo za chuma zinaweza kukukwaruza kiganja. Hayo yanavumilika. Kama bajeti inaruhusu nyongeza moja tu, iwe vilengeo vinavyoonekana. Zile za sura ya kijeshi kabisa zina kilengeo kidogo kama kucha ya mtoto, na jua la Tanga la saa tano likipiga hukioni.

6. Kagua dukani. Tanga usitegemee kukuta duka mtaani, wengi wetu tunakwenda Dar es Salaam au Arusha. Mimi nilisindikizwa na mzee mmoja wa klabu yetu, mstaafu. Muuzaji alipomwambia, "Hii haijatumika sana, mzee wangu," hakumjibu. Alichomoa magazini, akavuta slaidi nyuma na kuifunga hapo, akatazama, kisha akaingiza kidole kidogo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kuhakikisha. Akanipa. "Na wewe hakikisha, mwanangu. Usiniamini mimi." Nikahakikisha. Ndipo akatoa mfukoni kikaratasi cheupe cha risiti, akakikunja, akakiweka nyuma ya mtutu kwenye chemba ili mwanga wa mlangoni urudi juu kupitia ndani. "Sasa tazama kutoka mbele." Mikondo ya ndani ya mtutu ilionekana yote, mikali, ikizunguka kama uzi wa skrubu, hadi nikaona kitone kimoja cha kutu karibu na mdomo ambacho kwa macho ya kawaida nisingekijua.

Fanya hivyo hivyo. Omba ruhusa ya muuzaji kwa kila jaribio, elekeza mdomo upande salama, na hakikisha ni tupu kabla ya kuanza na kila unapoishika upya. Kisha:

Namba. Soma namba iliyochongwa kwenye fremu (mwili wa bastola, chini ya slaidi), herufi kwa herufi, uilinganishe na karatasi. Ikiwa imekwaruzwa, imesuguliwa au imechongwa upya, irudishe mezani, toka, na utoe taarifa polisi. Hapo hakuna mazungumzo ya kupunguziwa bei.

Mkwaruzo wa upinde. Tazama upande wa kushoto wa fremu, chini ya kile kipini kinachozuia slaidi. Ukiona mkwaruzo uliojikunja kama mwezi mwandamo, mwenye bastola alikuwa akiikusanya kwa nguvu bila kujua. Mkwaruzo wenyewe haudhuru, ila unakusimulia alivyoitunza, kwa hiyo kagua yaliyobaki kwa makini zaidi.

Mtutu ndani ya slaidi. Slaidi ikiwa mbele, bonyeza kwa kidole sehemu ya nyuma ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda. Isizame. Ikizama na kurudi kama kitufe, kufunga kwake kumelegea. Slaidi yenyewe kucheza kidogo juu ya fremu si kosa, bastola nyingi za bei nafuu ziko hivyo na zinalenga vizuri.

Sefti ya kidole gumba. Nyundo ikiwa nyuma, weka sefti (kizuizi cha usalama), vuta kifyatulio kwa nguvu kiasi, achia. Nyundo isitikisike. Sasa ondoa sefti bila kugusa kifyatulio. Nyundo ibaki nyuma. Kisha ivute nyundo kidogo sana kwa kidole huku sikio likiwa karibu; ukisikia "tik", sefti haishiki sawasawa.

Sefti ya mgongo wa mpini. Shika bastola bila kuibana ile sehemu inayobonyea nyuma ya mpini, vuta kifyatulio. Nyundo isianguke. Bana mpini, vuta tena, sasa ianguke.

Kikatishi, yaani kinachozuia bastola isifyatuke slaidi ikiwa haijafunga. Nyundo ikiwa nyuma tena, rudisha slaidi nyuma kidogo, kama milimita 5, ishikilie hapo huku kifyatulio kimevutwa, halafu iachie irudi mbele. Nyundo isianguke.

Nyundo. Ikiwa nyuma, isukume mbele kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kawaida. Isiachie. Ikiachia, usiinunue kwa bei yoyote, hata kama muuzaji atasema fundi atairekebisha kwa dakika kumi.

Magazini. Ingiza magazini tupu, vuta slaidi hadi mwisho. Ibaki nyuma. Bonyeza kitufe, magazini ianguke yenyewe kwa uzito wake. Tazama midomo yake miwili ya juu iwe sawa, haijapinda wala kupasuka.

Usionyeshe ustadi kwa kuachia slaidi ijipige yenyewe mbele bila risasi, kama wanavyofanya kwenye filamu. Inaumiza meno ya nyundo. Na ukiona muuzaji mwenyewe anafanya hivyo kwa bastola anazouza, umeshajua namna stoo yake inavyoishi.

7. Lipa, andikisha, safirisha. Stakabadhi iwe na namba ya silaha, aina na risasi inayotumia, vyote vilingane na leseni. Kama unanunua kwa mtu binafsi mwenye leseni, msikabidhiane kabla polisi hawajaidhinisha uhamisho, hata kama mtu huyo ni shemeji yako. Bastola isiyosajiliwa kwa jina lako ni silaha haramu mkononi mwako, ndugu au si ndugu.

Barabarani kuja Tanga iwe tupu, ndani ya kisanduku kilichofungwa, risasi zikae mbali nayo, na nyaraka zote mkononi. Mimi nakushauri uje na gari binafsi, usimame kidogo iwezekanavyo. Begi la silaha juu ya kichanja cha basi, likipita Chalinze na Segera katikati ya mizigo ya watu, silifikirii kabisa. Ukisimamishwa na askari, sema mapema na kwa utulivu kuwa unayo na nyaraka ni hizi. Mikono ionekane.

8. Isafishe kabla ya kuitumia. Bastola mpya inakuja imepakwa mafuta mazito ya kuilinda na kutu safarini. Hayo siyo ya kulainisha, yaondoe. Fuata kitabu chake. Angalizo moja: kwenye 1911, chini ya mtutu kuna kikofia kinachobana springi ndefu. Ukikibonyeza na kuzungusha bushi (pete inayoshika mdomo wa mtutu) bila kukifunika kwa kidole, kinaruka kama jiwe la manati. Vaa miwani, na usifanyie kazi hiyo karibu na dirisha lililo wazi.

9. Risasi 200 za kwanza. Pakia 5 tu kwenye magazini kila mara. Tumia magazini zote ulizonazo, uziwekee alama ya namba kwa rangi, na uandike kwenye daftari kila inapokwama: magazini namba ngapi, risasi ya ngapi. Bastola nyingi za bei nafuu zinakuwa ngumu mwanzoni kisha zinalainika. Daftari ndilo litakalokuonyesha kama inalainika au ina ugonjwa. Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula chochote, kwa sababu vumbi la risasi lina ile metali iitwayo risasi (lead), na hayo ni sumu.

CHUMVI YA BAHARI

Hili nimelitenga, kwa sababu miongozo ya Ulaya na Marekani haimjali mtu wa pwani. Hewa yetu ina chumvi. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Aprili, masika yamekolea na uwanja umefungwa kwa matope, niliiacha bastola kwenye ala yake ya ngozi kwa wiki tatu. Nilipoitoa, upande wa kulia wa slaidi ulikuwa na madoa manne ya rangi ya embe bivu. Nikaweka mkono wangu juu yake kama ninavyoishika, vidole vikakaa juu ya madoa, doa kwa kidole. Ilikuwa jasho langu mwenyewe la siku ile ya mwisho. Nilisugua kwa mafuta na pamba hadi usiku. Kutu ilitoka, ila vidole vinne viko pale hadi leo kama kivuli.

Kwa hiyo, ukitoka uwanjani futa bastola yote kwa kitambaa chenye mafuta, hata kama hukufyatua. Usiihifadhi ndani ya ngozi kamwe, ngozi inanyonya unyevu na kuutunza. Ndani ya sefu weka vifuko vya chembe za kukausha unyevu, na uvibadilishe. Kila baada ya wiki mbili, wakati wa masika kila wiki, fungua uitazame. Mara moja kwa mwezi fungua skrubu za mpini utazame chini ya mbao, ndipo kutu inapojificha.

Mafuta yapi? Mafuta ya silaha ni bora. Ya cherehani yanafaa ukikwama. Mafuta ya nazi, ambayo nimeulizwa mara nyingi sana, hapana: yanaganda yakipoa, yakikaa yanachacha na kunata, na slaidi inakuwa nzito. Ya kupikia pia hapana.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Kutia risasi moja kwa mkono ndani ya chemba kisha kuiachia slaidi. Kwenye 1911 ndoana ya kutolea ganda imeundwa ili risasi ipande kutoka kwenye magazini na kuteleza chini yake. Ukiilazimisha kuruka juu ya ukingo wa risasi, inapoteza mbano wake na siku moja inavunjika. Pakia kwa magazini siku zote.

Kununua magazini za bei ya kutupa. Magazini ndiyo chanzo cha kukwama kwingi. Afadhali tatu nzuri kuliko saba za hivi hivi.

Kupunguza uzito wa kifyatulio kwa fundi wa mtaani mwenye tupa. Fundi huyo anaweza kuwa hodari wa pikipiki kuliko wote Tanga, bado usimpe. Anasugua kipande ambacho ndicho kinachozuia nyundo isikuangukie.

Kumwazima rafiki. Leseni ni ya jina lako peke yako.

Na kuichukua bastola siku uliyokunywa, au siku uliyogombana na mtu. Siku hiyo sefu isifunguliwe.

IKIKUSUMBUA

Katika haya yote, kwanza mdomo uelekee kwenye shabaha na kidole kitoke kwenye kifyatulio.

Ganda limesimama wima, limebanwa na slaidi: mara nyingi mkono wako ulilegea, bastola ikakosa kitu cha kuegemea. Shika kwa nguvu zaidi. Ikiendelea, ndoana imelegea au risasi ni dhaifu.

Risasi inagota chini ya mdomo wa chemba, haipandi: badilisha magazini. Ikikwama na magazini moja tu, umempata mgonjwa.

Slaidi haifungi kabisa, imebaki kidogo nyuma: uchafu kwenye chemba, mafuta yaliyonata, au springi imechoka. Springi hii ya kurudisha slaidi ni ya kubadilishwa. Wengi wetu hubadilisha kila baada ya risasi 2,000 hadi 3,000.

Nyundo imeanguka, risasi haikulipuka: tulia na uhesabu hadi 30 huku mdomo ukiwa kwenye shabaha, maana inaweza kuchelewa. Kisha itoe, utazame fataki yake, kile kitone cha kuwashia baruti nyuma ya ganda. Alama ikiwa ya kina, risasi ni mbovu. Ikiwa ni kijialama tu, safisha njia ya pini inayopiga fataki au ubadilishe springi ya nyundo.

Risasi imelia kinyonge, "puf", teke hakuna: simama. Usifyatue nyingine hata kama mwenzako anakuhesabia muda. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua mtutu ukiwa mkononi mwako. Toa magazini, fungua, hakikisha chemba ni tupu, tazama kama mwanga unapita.

Zote zinapiga chini kushoto, na unatumia mkono wa kulia: vilengeo usiviguse kwanza, ni kidole kinachokamua. Nyumbani, bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine, lenga ukuta usio na mtu nyuma yake. Laza sarafu ya shilingi 50 juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, uvute kifyatulio taratibu. Sarafu ikidondoka, anza upya. Mimi ilinichukua jioni nane mpaka ikabaki juu mara kumi mfululizo.